"Ni Kazi Tu": Mzigo Ambao Mfanyakazi Hausemi

Huenda una dada, kaka au mzazi anayefanya kazi mbali na nyumbani. Labda ni muuguzi Homa Bay, mwalimu Migori, au karani katika ofisi ya kaunti. Jumapili jioni, baada ya chai, unampigia simu. Unamwuliza habari za kazi, naye anakujibu, "Salama tu." Unamwuliza mbona sauti yake imechoka. Anacheka kidogo, kisha anasema, "Ah, ni kazi tu." Mnaagana. Wewe unarudi kwenye shughuli zako, naye anarudi kitandani ambako usingizi hauji.

Maneno hayo, "ni kazi tu", ndiyo ningependa tuyachunguze pamoja leo. Mfanyakazi aliyevunjika mguu huonekana na kila mtu. Wenzake watamletea kiti, mkubwa wake atamwandikia ruhusa, na jirani atamletea uji. Aliyevunjika moyo hana bendeji ya kuonyesha. Yeye huambiwa ajikaze, na kwa kuwa anaambiwa hivyo kila siku, mwishowe hujifunza kunyamaza. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mficha maradhi kifo humwumbua.

Twende Migori

Panda matatu asubuhi mjini Migori, ufuate barabara kuu itokayo Isebania mpakani mwa Tanzania. Utapita Awendo, palipo na kiwanda cha sukari cha SONY kilichoanza kusaga miwa mwaka 1979. Ukifika Rongo utaiacha barabara ya kwenda Kisii, ukate kushoto na kuteremka hadi Homa Bay, ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Katika safari hiyo fupi utakutana na takriban kila aina ya kazi iliyoko nchini. Utaona trekta zikivuta miwa, walimu wakingoja bodaboda, wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, askari barabarani, na akina mama wenye karai za samaki. Ukigeukia upande wa Nyatike utawakuta wachimba dhahabu. Ukifuata ziwa kuanzia Muhuru na Sori hadi Mbita utawakuta wavuvi wakitengeneza nyavu.

Ukiwatazama watu hawa kupitia dirisha la matatu huoni mgonjwa hata mmoja. Wanacheka, wanasalimiana, wanabishana juu ya mpira. Hata hivyo, mtu akizidiwa na fikira, Wajaluo husema ana paro mang'eny, yaani mawazo mengi. Sisi kwa Kiswahili husema amesongwa na mawazo. Kwa hivyo maneno ya kuieleza hali hii tunayo tangu zamani. Mahali pa kuyasemea ndipo pamekosekana, hasa kazini.

Tupambanue maneno

Kabla hatujaendelea, ni vyema tutenganishe mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa.

La kwanza ni msongo wa kawaida. Huu humpata kila mtu. Mwanafunzi huupata mtihani ukikaribia, na mhasibu huupata mwisho wa mwezi. Moyo hupiga mbio, viganja hutoa jasho, na mtu hulala kidogo. Jambo lenyewe likipita na mtu akapumzika, msongo nao huondoka. Hauna madhara makubwa.

La pili ni uchovu wa kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza katika orodha yake ya magonjwa kwamba uchovu huu wenyewe si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa. Dalili zake ni tatu. Mtu huishiwa nguvu hata akiwa ametoka likizoni. Kisha huanza kuichukia kazi aliyokuwa akiipenda na kuwaona wagonjwa, wanafunzi au wateja kama usumbufu. Mwisho, huona kwamba kila afanyalo halifai.

La tatu ni sonona. Huu sasa ni ugonjwa kamili, kama malaria ilivyo ugonjwa. Huzuni au kukosa hamu ya mambo yote hudumu kwa majuma mawili au zaidi. Usingizi huharibika, chakula hakiliki, na mtu hujilaumu kwa makosa asiyoyafanya. Wengine hufikia kuwaza kuhusu kifo. Sonona inatibika, kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa yote mawili.

Mbona tujisumbue kuyatenganisha? Kwa sababu uchovu wa kazi, kama jina lake linavyosema, chanzo chake ni kazi. Ukimchukua mfanyakazi aliyechoka, ukampeleka kwa mshauri nasaha kwa saa moja, kisha ukamrudisha kwenye zamu zile zile na kelele zile zile, utakuwa unapangusa maji sakafuni na mfereji umeuacha wazi.

Somo la Homa Bay

Kama kuna mahali pa Kenya panapoweza kutufundisha juu ya mzigo wa kazi na moyo wa binadamu, ni Homa Bay. Mwaka 1996, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi huko. Ukimwi ulikuwa ukiwaua watu, na dawa za kupunguza makali hazikuwa zimewafikia watu wa kawaida. Rais Daniel arap Moi alikuja kuutangaza kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Mwaka 2001, hospitali ya Homa Bay ikawa miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kutoa dawa hizo bila malipo.

Mzigo wenyewe haujaisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100 wa Homa Bay, karibu 20 walikuwa wakiishi na virusi. Migori walikuwa takriban 13, ilhali kwa nchi nzima hawakufika 5.

Sasa, msomaji, jiweke katika viatu vya muuguzi wa miaka ile. Unaamka alfajiri kwenda wodini. Aliyelala kitanda cha kwanza alikufundisha hesabu shule ya msingi. Wa tatu ni binti ya jirani. Wa saba mlisomea uuguzi pamoja. Huna cha kuwapa isipokuwa maji, panadoli na mkono wa kushika. Jioni unakwenda matangani, na kesho yake unarudi kazini. Mkubwa wako akikuuliza mbona umechelewa, utamweleza nini?

Vituo vya ushauri na upimaji wa hiari vilipoanza kuenea nchini kuanzia mwaka 2001, waliotunga mwongozo wake waliliona jambo hili. Waliagiza kwamba mshauri naye awe na msimamizi wa kumsikiliza. Washauri wakutane mara kwa mara, wakae na mwenzao mwenye uzoefu, na kila mmoja atue yale aliyoyasikia juma zima. Waliotunga mwongozo huo walielewa kwamba anayepokea machozi ya watu naye anahitaji mahali pa kuyamwaga.

Somo la pili lilitoka kwa wagonjwa wenyewe. Watu waliokuwa wakiishi na virusi walianza kuwashauri wenzao kliniki. Walimu nao, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliunda mtandao wao wa KENEPOTE, wa walimu wanaoishi na virusi. Fikiria ujasiri wa mwalimu kusimama mbele ya wenzake katika chumba cha walimu na kusema, "Mimi ni mmoja wao." Mabango yalikuwa yamebandikwa ukutani kwa miaka, lakini sauti ya mwenzao mmoja ndiyo iliyowafanya wengine wathubutu kwenda kupimwa.

Nani amliwaze mliwazaji?

Nimeieleza historia hiyo kwa sababu swali lake limerudi. Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Katika kliniki nyingi za Kenya, washauri, waelimishaji rika na akina mama walezi waliokuwa wakilipwa kutokana na fedha hizo walijikuta bila kazi ghafla. Walioajiriwa na serikali walibaki, na foleni zikabaki nao.

Fikiria pande zote mbili. Aliyefutwa amepoteza mshahara, na pamoja nao amepoteza watu waliomwita kwa jina kila Jumatatu. Aliyebaki anafanya kazi ya wawili, huku akijiuliza zamu yake ya kufutwa itafika lini. Wote wawili wakipigiwa simu na jamaa zao wa Nairobi, watajibu vilevile: "Ni kazi tu."

Au mtazame mhudumu wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Septemba 2023, serikali iliwazindua wahudumu 100,000 nchini kote, kila mmoja akipangiwa nyumba zipatazo 100. Malipo yaliyokubaliwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Aghalabu mhudumu huyo ni mama wa kijiji hicho hicho. Anajua ni nani anapigwa na mumewe, ni mtoto yupi hapati dawa, na ni mzee yupi ameacha kula. Siri hizo zote anazibeba, na kwa maadili ya kazi hawezi kumwambia hata mume wake. Siri za nyumba 100 ni mzigo mzito kuliko mkoba.

Kazi yenyewe inapougua

Septemba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu afya ya akili kazini. Lilisema kwamba mwaka 2019, watu 15 katika kila 100 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa na tatizo fulani la akili, na kwamba dunia hupoteza siku bilioni 12 za kazi kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Hasara yake ni karibu dola trilioni 1. Mwajiri asiyejali machozi huenda akajali hesabu hiyo.

Jambo kubwa katika mwongozo huo ni kwamba tiba ianze kwa kuipanga upya kazi yenyewe. Mfanyakazi asiambiwe tu avute pumzi na kufikiria mambo mazuri. Mambo yanayoivunja akili kazini yanajulikana, na ukiyapima katika Migori na Homa Bay utayaona yote.

Kuna wingi wa kazi, kama muuguzi mmoja kuachiwa wodi nzima usiku. Kuna mshahara unaochelewa. Anayejua siku ya malipo hupanga madeni yake, lakini asiyeijua hujificha mwenye duka, na aibu hiyo humla polepole. Kuna mikataba mifupi inayomfanya mtu aishi miezi mitatu mitatu. Kuna matusi ya wakubwa, na mkubwa anayemtaka msichana wa kazi kimapenzi kabla ya kumthibitisha kazini.

Kuna pia umbali. Kuanzia mwaka 2018, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi mbali na kaunti zao, hadi malalamiko yalipozidi na wengi kurudishwa karibu na kwao mwaka 2023. Mwalimu aliyewaacha watoto wake wadogo kwa nyanya yao hufundisha watoto wa wenzake mchana, na usiku huwasikiliza wake kwa simu. Hata akiwa hodari kiasi gani, nusu ya akili yake haipo darasani.

Isitoshe, kuna sumu. Huko Nyatike, baadhi ya wachimbaji hutumia zebaki kukusanya chembe za dhahabu, kisha huichoma moto ili ibaki dhahabu pekee. Mvuke wa zebaki hudhuru ubongo na neva. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, na mtu mpole hugeuka mwenye hasira. Nyumbani watasema amerogwa au amekuwa mlevi, kumbe anaugua kazi yake. Huyu anahitaji kuepushwa na mvuke ule kwanza, nasaha baadaye.

Kazi isiyo na mkubwa

Utaniuliza, "Na yule asiyeajiriwa na mtu je?" Swali lako ni la haki, kwani katika kaunti hizi mbili wengi hawana barua ya ajira.

Mchukue mvuvi wa omena. Huvua usiku wa giza kwa taa, kwa kuwa mwanga huwavuta samaki. Mbalamwezi ikikolea, taa haifui dafu, na wavuvi hupumzika. Kwa hivyo mwezi humpa mvuvi likizo ambayo makarani wengi hawaipati! Lakini ziwa lina dhoruba. Mashua ikipinduka na mwenzao mmoja akafa maji, waliookoka hungoja mwili, humzika, halafu baada ya siku chache wanarudi pale pale majini. Hakuna anayewauliza waliona nini usiku ule. Wengine hujiuliza wenyewe, na pombe ndiyo huwajibu.

Hata hivyo, wavuvi wana kamati za ufuo, ambazo zimetambuliwa na kanuni za serikali tangu mwaka 2007. Wachuuzi wa samaki, bodaboda na wachimbaji wana vyama vyao vya kuchangiana pesa. Chama kinachokutana kila juma kukusanya shilingi hamsini hamsini kinaweza kutenga dakika kumi za kuulizana hali. Kinaweza kukubaliana kwamba mwenzao akifiwa majini au mgodini, wawili watakwenda kwake mara tatu mwezi ule, hata baada ya matanga kwisha. Jambo hilo halihitaji mfadhili wala bajeti.

Sheria inasemaje?

Kwa walioajiriwa, sheria haikunyamaza, ingawa wengi hawaijui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo kamili. Aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo anapougua, akiwa na cheti cha daktari, anastahili angalau siku 7 zenye malipo kamili na siku 7 nyingine zenye nusu ya malipo. Sheria haikusema kwamba ugonjwa huo lazima uwe wa tumbo au wa mguu. Fauka ya hayo, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na kanuni zilizoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kimapenzi.

Mwaka 2020, jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Juni 2022, Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa ili kulinda haki za wagonjwa na kuzipa kaunti wajibu wa kuwatunza karibu na kwao.

Hatua nyingine kubwa ilikuja Januari 2025. Kwa miaka mingi, aliyejaribu kujiua akaokoka alishtakiwa mahakamani kama mhalifu. Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kilikiuka Katiba. Uamuzi huo una uzito kwetu sote, kwa maana mtu hawezi kusema "nimechoka na maisha" ikiwa jibu analotarajia ni pingu.

Dawa iliyo karibu

Madaktari wa akili nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Je, muuguzi wa Mbita au mwalimu wa Kuria afanyeje? Hapa kuna habari njema.

Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina nyanya wa mitaani jijini Harare. Waliwekewa benchi nje ya zahanati, wakaketi na kusikiliza. Kwa Kishona, hali ya kuzidiwa na mawazo huitwa kufungisisa, na maana yake haiko mbali na ile paro mang'eny ya Wajaluo. Nyanya hakumhubiria mtu. Alimsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi, kutafuta hatua moja ya kuchukua, kisha kurudi kueleza ilivyokwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hizo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Jirani zetu wa Uganda walikuwa wametangulia. Katika vijiji vya Rakai na Masaka, watu wenye sonona walikutana katika vikundi mara moja kwa juma, kwa majuma 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2003, na nafuu ilikuwa kubwa. Hata hapa kwetu, Dagoretti jijini Nairobi, wanawake waliopitia dhuluma walihudumiwa na wahudumu wa afya ya jamii kwa mikutano mitano tu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017, nao pia ulionyesha nafuu.

Kwa hivyo shule, zahanati au kiwanda hakihitaji kungoja daktari bingwa ndipo kianze. Kinahitaji watu wawili au watatu wanaoaminika, wapewe mafunzo, wapewe muda ndani ya saa za kazi, na wajue ni lini wampeleke mwenzao hospitalini. Mtu anayezungumzia kujiua, anayesikia sauti, au aliyeacha kula na kulala, huyo apelekwe kwa mganga bila kukawia. Asiachwe peke yake.

Tuanzie wapi?

Ikiwa wewe ni mkubwa wa kazi, anza na ratiba. Itoe mapema, ili mtu ajue siku yake ya kupumzika na asiitwe siku hiyo. Lipa mshahara siku uliyoahidi, na kama huwezi, sema mapema na useme kweli. Baada ya tukio zito, kama mgonjwa kufa, mwanafunzi kuzama au mgodi kuporomoka, wakusanye watu wako kabla hawajaenda nyumbani. Mwache kila anayetaka aseme, wala usimlazimishe asiyetaka. Na siri ya mfanyakazi isifike kwenye faili lake la kupandishwa cheo. Ikifika mara moja tu, hakuna mwingine atakayefungua mdomo.

Ikiwa wewe ni mwenzake kazini, tazama mabadiliko. Aliyekuwa akifika mapema sasa anachelewa. Aliyekuwa mcheshi amekuwa kimya, au aliyekuwa kimya amekuwa mkali. Ananuka pombe asubuhi. Hukosea hesabu alizozizoea. Usimjadili kwenye chai. Mwite kando, mwambie ulichokiona, kisha umsikilize. Usikimbilie kumwambia kwamba kuna wenye shida kuliko yeye.

Ikiwa wewe ndiwe unayeumia, ujue ya kwamba kuchoka si uvivu, na kuomba msaada si kushindwa. Tafuta mtu mmoja umwambie neno moja la kweli leo. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ukikosa wa kusema naye, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu isiyolipiwa, 1199.

Nawe mwanafunzi, usidhani haya ni ya watu wazima pekee. Mama akirudi kutoka kazini na kukufokea kwa sababu ya kikombe kimoja kisichooshwa, huenda hasira hiyo haikuanzia jikoni. Osha kikombe, halafu umwulize siku yake ilikuwaje.

Swali la pili

Turudi kwenye simu ya Jumapili. Dada yako amekwambia, "Ni kazi tu." Hapo ndipo wengi wetu huagana, kwa sababu tumeuliza na tumejibiwa, na muda wa simu unakwisha.

Leo usiagane naye upesi. Mwulize swali la pili. Mwambie, "Hiyo kazi, niambie juu ya siku moja tu. Jana ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Huenda kimya kikawa kirefu. Huenda ukasikia jogoo wa jirani yake, au upepo wa ziwa ukipiga dirisha. Usiogope kimya hicho wala usikijaze na mawaidha. Mngoje. Amewasikiliza watu wengi juma hili, na huenda wewe ndiwe wa kwanza kumsikiliza yeye.